UZI: Ilani ya ardhi ikibandikwa na hakuna mkulima aliyeiona, bado ni ilani?

#1 Mkulima_Kibanda
Habari zenu wakuu. Niko upande wa Kigumba, huku wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Naomba wanaojua sheria na wanaojua vijiji wote wachangie. Kuna mtu ameomba frihodi (umiliki wa kudumu) kwenye ardhi inayopakana na yetu, na ndani ya vipimo vyake ameingiza njia ya kwenda kisimani pamoja na kipande ambacho ukoo wetu unalima mahindi tangu baba yangu hajaoa. Tumejua siku wapima walipokuja kuzika mawe ya mipaka. Kuuliza, tukaambiwa ilani ilibandikwa ofisi ya gombolola (kama kata), wiki mbili zikapita, hakuna aliyepinga, kamati ya ardhi ikakaa ikamaliza kazi yake. Basi nikaenda mwenyewe kuiona. Karatasi moja, Kiingereza kitupu, muhuri umepigwa juu ya maelezo ya mahali ardhi ilipo hadi hayasomeki, na nusu ya chini imefunikwa na tangazo la chanjo. Iko ukutani nyuma ya mlango, mlango ukifunguliwa asubuhi inajificha mpaka jioni ofisi ikifungwa. Na tarehe yake ni wakati wa kuvuna ambapo kijiji kizima kiko shambani. Sasa nauliza, sheria inahesabu kwamba sisi tuliarifiwa?

#2 Nyaraka_Masindi
Pole sana ndugu. Mimi nachapa nyaraka za watu karibu na mahakama kwa hiyo hizi fomu napambana nazo kila wakati. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka kamati ibandike ilani mahali pa wazi ndani ya PARISHI (sehemu ya gombolola) na pia KWENYE ARDHI YENYEWE inayoombwa. Zote mbili, si mojawapo. Ilani itaje ardhi iko wapi na ukubwa wake kwa makadirio, iwaite wote wenye madai juu ya hiyo ardhi au ya jirani inayoguswa waje kwenye mkutano, na huo mkutano usiwe chini ya wiki mbili tangu siku ya kubandikwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwako, kuna mtu yeyote aliyeona karatasi shambani? Gombolola si shambani.

#3 Boda_Bweyale
Shambani ataibandika wapi bana, kwenye bua la mahindi? 😂 Lakini tukiacha utani, mimi napita hizi njia za ndani zote kutoka Bweyale mpaka Mutunda na sijawahi kuona karatasi ya kamati imesimama kwenye shamba la mtu. Vibao vya "ardhi hii haiuzwi" ndivyo vimejaa.

#4 Mstaafu_wa_Parishi
Nimekuwa chifu wa parishi miaka mingi, wacha nieleze upande wa ofisi maana humu naona mtaanza kuhukumu. Karatasi tulikuwa tunabandika. Gundi ofisi haina, unapika uji mzito wa unga wa muhogo unapaka kwenye mwembe pale senta, kufika saa kumi mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wanakula karatasi na uji wake. Ikipona mbuzi inachukuliwa na mvua, ikipona mvua mtoto anaibandua akafanyie hesabu upande wa nyuma. Pesa ya kuchapa nyingine haipo, mara nyingi nilitoa mfukoni. Kwa hiyo si kila ilani isiyoonekana imefichwa na mtu.

#5 Binti_wa_Mutunda
Shikamoo mzee. Mbuzi wanakula, sawa, lakini mbona hao mbuzi hawajawahi kula tangazo la mnada au picha ya mgombea? Kwetu ilani iliondolewa usiku na mtu mzima mwenye mikono miwili, kwa sababu asubuhi pini zilikuwa zimepangwa chini vizuri kabisa. Mwombaji alikuwa na haja wiki mbili ziishe kimya na zikaisha. Mimi nasema ni makusudi. Anayetaka ardhi ndiye anayegharamia karatasi, ndiye anayembeba mtu wa kubandika kwenye pikipiki yake, halafu tutegemee aibandike mahali jirani ataisoma?

#6 Mstaafu_wa_Parishi
Marahaba binti. Za wagombea zinabandikwa mia kwa wakati mmoja, mbuzi atamaliza lini. Ila hapo kwenye pikipiki ya mwombaji umesema kweli na inaniuma kusema hivyo.

#7 Mwalimu_Panyadoli
Mnazunguka. Tatizo ni lugha. Hii wilaya ina Wanyoro, Wachope, Waacholi, Walango, Waalur, Walugbara, Wakenya waliokuja baada ya vurugu za 2007, Wakongo, Wasudani Kusini, halafu unabandika Kiingereza cha wanasheria. Katiba ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Sokoni Bweyale hata muuza samaki na mnunuzi wasiojuana wanaanza kwa Kiswahili. Ilani ingeandikwa Kiswahili mama anayepita na jerikeni angemuomba mtoto amsomee na wote wawili wangeelewa.

#8 Koboko_Mjini
Naunga mkono mwalimu. Huku kwetu Koboko jambo la ardhi likitokea linatangazwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwa Kiswahili na Kinubi, na Jumapili kanisani. Hakuna anayesema hakusikia.

#9 Mzee_wa_Karuma
Vijana, Kiswahili mimi nakipenda na ndicho ninachoandika hapa, lakini msisahau wazee wa umri wangu walikisikia kwanza kutoka kwa askari kwenye kizuizi. Ukibandika karatasi ya Kiswahili kwenye mti, baadhi ya wazee watazunguka njia nyingine. Isitoshe mwalimu unadhani shida ni lugha gani imeandikwa, wengi wa rika langu hatuoni herufi ndogo hata ziwe za lugha ya mama. Jambo la ardhi lisemwe kwa mdomo. Karatasi iwe ya kumbukumbu tu.

#10 Mama_Soya
Nimesoma yote kimya lakini hapa lazima niseme. Yangu haikuwa hata kwenye mti, ilikuwa kwenye gazeti. Mume wangu alipofariki, ndugu yake mmoja alikwenda kuomba barua za usimamizi wa mirathi bila kunijulisha. Tangazo likatoka kwenye gazeti la Kiingereza la Kampala, kakisanduku kadogo katikati ya matangazo ya taito (hati za ardhi) zilizopotea, siku 14 za kupinga. Gazeti huku kwetu linafika likiwa limefungia chapati. Kilichoniokoa ni mtoto wa dada yangu anayefanya kazi Kampala, aliliona jina la mjomba wake akapiga picha akanitumia WhatsApp. Nilikimbia nikaweka pingamizi siku zikiwa zimebaki kidogo sana. Kama yule mtoto asingenunua gazeti siku hiyo ningekuja kusikia mahakama imeshampa shemeji mamlaka juu ya shamba ninalolima na nyumba ninayolala. Kwa hiyo mkiongea habari ya mbuzi mnanichekesha, lakini gazeti halikuliwa na mbuzi, lilichapwa vizuri na bado halikunifikia.

#11 Boda_Bweyale
Pole mama, hiyo ni nzito. Lakini si mjane anapata asilimia 15 tu hata akipinga?

#12 Nyaraka_Masindi
@Boda hiyo ni ya zamani. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 yalipandisha fungu la mjane au mgane kuwa asilimia 20 pale marehemu hakuacha wosia, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Na nyumba ya familia waliyokuwa wanaishi haiingizwi kwenye mgao huo, mjane na watoto wana haki ya kubaki ndani yake. Mama Soya ulifanya vizuri kuweka pingamizi kabla barua hazijatolewa, baada ya hapo ni kesi ya kuzifuta na huo ni mlima mwingine.

#13 Mjumbe_Zamani
Niliwahi kukaa kwenye kamati ya ardhi. Niwaeleze kitu ambacho watu hawajui. Zamani kamati ilikuwa ya kila parishi, ikabadilishwa 2004 ikawa ya gombolola nzima. Mwenyekiti mmoja na wajumbe wanne. Watu watano, gombolola yenye parishi kadhaa na vijiji chungu nzima, usafiri hamna, posho ya kikao inakuja ikitaka. Unapigiwa simu na mwombaji, ana gari, ana mchele na nyama, unaambiwa twende tukague. Ukikataa kupanda gari lake huendi kabisa na faili linalala. Mimi nilikuwa napanda na najua wenzangu waliokuwa wanapanda. Hatukuwa wezi. Lakini ukishakula kwa mtu, ni vigumu kumuuliza mbele ya watu mbona ilani haipo kwenye mpaka wa jirani. Kwangu mzizi ni huo, kamati haina pesa yake. Weka ilani kwa lugha kumi, kama mwombaji ndiye anayelisha kamati hakuna kitakachobadilika.

#14 Binti_wa_Mutunda
Asante kwa ukweli huo @Mjumbe. Lakini sheria hiyohiyo si inaiambia kamati ilinde haki za wanawake, watoto, walemavu na wasiokuwepo? Hiyo "wasiokuwepo" naomba mtu anieleze. Nani alisimama kwa niaba ya wasiokuwepo mkiwa mnakula mchele?

#15 Mjumbe_Zamani
Ipo kwenye sheria, ndiyo. Kwenye vikao nilivyokaa mara nyingi aliulizwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akisema hakuna mgogoro tunaandika hakuna mgogoro.

#16 Ranchi_Kaskazini
LC1 huyohuyo aliyechaguliwa Julai 2018 kwa watu kupanga mstari nyuma yake. Mstari wa nani ulikuwa mrefu? Wa mwenye ng'ombe. Msinifanye niseme.

#17 RWC_Cluster
Jamani sisi tulio kwenye settlementi ya wakimbizi hapa Kiryandongo tunashangaa kidogo kusoma haya. Ardhi si yetu, tumepewa vipande vya kulima tu, lakini kukiwa na tangazo lolote, mgao wa chakula, uhakiki wa majina, mabadiliko ya ploti, kiongozi wa RWC, baraza la wakimbizi, anatembea na megafoni klasta nzima, anasema Kiswahili, mwingine anafuata na Kiacholi, mwingine Kinuer. Inawezekana. Wenyeji wa kijiji cha pili wanakuja kusikiliza matangazo kwetu.

#18 Mwalimu_Panyadoli
Hapo sasa. Mgeni anasomewa, mwenye nchi anaachiwa karatasi nyuma ya mlango.

#19 Mzee_wa_Karuma
Mwalimu usiwagonganishe watu. Megafoni zao zinanunuliwa na mashirika. Gombolola yetu nani atainunulia?

#20 Kahawa_Chungu
Nachomekea. Orodha ya pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, nayo ilibandikwa hivyohivyo, Ijumaa jioni, Jumatatu haipo. Tangu hii PDM ianze 2021 sijui hata jirani yangu aliingiaje. Shilingi milioni moja kwa kaya si mchezo kwa mkulima, hiyo ni mbegu na kulimiwa na trekta na palizi.

#21 Mstaafu_wa_Parishi
PDM ilizinduliwa Februari 2022 kule Kibuku, si 2021. Milioni 100 kwa parishi kwa mwaka, zinapitia SACCO ya parishi. Na orodha hiyo haiko juu ya ubao peke yake, kuna kumbukumbu za vikundi na za SACCO yenyewe. Nenda kaulize.

#22 Kahawa_Chungu
Kuulizia ndiko kwenye shida mzee. Ukienda gombolola kuulizia karatasi, kwanza unakutana na GISO (afisa usalama wa gombolola) pale mlangoni, unaulizwa umetumwa na nani, chama gani, mbona una hasira. Watu wengi hawaendi kusoma ilani kwa sababu hawataki kuonekana wanasoma ilani. Hii sababu naona hamjaitaja. Si mbuzi, si lugha, si mchele. Ni woga.

#23 Ranchi_Kaskazini
Hii ya #22 ndiyo ninayokubaliana nayo kuliko zote. Huku kwenye ranchi za zamani tumeona watu wakifukuzwa, trekta zikilima juu ya viazi vya watu. Mtu akishaona hivyo, karatasi yoyote yenye muhuri kwake ni hatari, anaikwepa. Halafu kukwepa kwenyewe ndiko kunampoteza.

#24 Nyaraka_Masindi
Mkulima na wengine, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Unaandika ombi kwa ofisi husika na wana siku 21 za kukujibu. Huhitaji kusema umetumwa na nani wala kutoa sababu. Omba nakala ya ilani, kumbukumbu za mkutano wa kamati na orodha ya waliohudhuria. Pale ndipo utakapoona majina. Nimewahi kuchapa ombi kama hilo, kumbukumbu zilipotoka, kati ya "majirani waliokubali mpaka" kulikuwa na mtu aliyekwisha kuzikwa.

#25 Boda_Bweyale
Eeeh!

#26 Binti_wa_Mutunda
Kisha @Mjumbe anasema hawakuwa wezi.

#27 Mjumbe_Zamani
Binti, kamati hiyo si yangu. Na wewe unaona kila jambo ni njama. Mtu anaandika majina kutoka orodha ya zamani ya kijiji ili karatasi ijae, hajui nani amekufa. Ni uzembe. Uzembe nao unaumiza watu, sikatai.

#28 Mkulima_Kibanda
Nashukuru sana wote. Nimeuliza nyumbani, hakuna aliyeona karatasi shambani, wala wachungaji wanaopita pale kila siku. Njia ya kisimani imepandwa milamula, miti ya mpaka, pande zote mbili, mizee kabisa, shina moja huwezi kulizungusha mkono. Wapima walipita katikati yake na jiwe moja wamelizika kati ya shina na shina, udongo bado mwekundu juu. Sasa nauliza, kwa kuwa wapima wameshakuja nimechelewa au bado?

#29 Nyaraka_Masindi
Inategemea. Kamati inapeleka ripoti yake kwa bodi ya ardhi ya wilaya, bodi ikikubali ndipo wanapima na taito inaandaliwa. Wapima kuja ina maana faili limepita bodi au mtu ana haraka kuliko faili lake, nimeona zote mbili. Kama taito haijatoka, peleka pingamizi la maandishi kwa bodi pale makao ya wilaya Kiryandongo, nakala kwa kamati. Wakati huohuo nenda ofisi ya kanda ya ardhi Masindi ukafanye upekuzi ujue kama kuna taito tayari. Ikiwa ipo, kuivunja mahakamani lazima uthibitishe udanganyifu, na hiyo si kazi ya mwezi. Kaveati (zuio kwenye taito) nayo inaweza kuzuia mauziano lakini kwa kawaida inaondoka siku 60 baada ya aliyeiweka kupewa taarifa, asipokwenda mahakamani. Kwa hiyo usiweke kaveati ukalala.

#30 Mzee_wa_Karuma
Hiyo milamula ndiyo ushahidi wako kuliko karatasi zote. Waite wazee waliokuwepo ikipandwa waseme ilipandwa na nani na mbele ya nani. Anzia mahakama ya LC2, baraza la parishi, pale parishi, migogoro ya ardhi ya kimila inaanzia hapo.

#31 Ranchi_Kaskazini
Mzee LC2 ni walewale. Aende moja kwa moja kwenye baraza la ardhi la wilaya.

#32 Nyaraka_Masindi
Mabaraza ya ardhi ya wilaya yalikoma 2006, kesi zake zinakwenda kwa hakimu. Na hakimu swali lake la kwanza mara nyingi ni, mmepita LC2? Mzee wa Karuma yuko sahihi hata kama LC2 yenyewe haipendezi.

#33 Koboko_Mjini
Hamjanijibu mambo ya kutangaza kwa mdomo. Redio? Hata sokoni kuna vile vizindaalo (vipaza sauti) juu ya mti.

#34 Mstaafu_wa_Parishi
Kizindaalo kina mwenyewe na anataka pesa, tangazo la mbuzi aliyepotea unalipia. Redio ndiyo zaidi. Ma-RDC, wawakilishi wa rais wilayani, wana saa yao ya bure kila wiki, wangeweza kusoma ilani za ardhi za wiki hiyo, dakika kumi zinatosha. Hilo ningelipigania kama ningekuwa bado kazini.

#35 Kahawa_Chungu
Saa ya RDC hakuna anayesikiliza, ni siasa mwanzo mwisho. Mahali watu wote wanakuwepo ni matangani. LC1 anasimama, madeni ya marehemu yanatangazwa, mipaka inatajwa. Ilani zisomwe pale.

#36 Mama_Soya
Matangani hapana. Mimi nimekaa kwenye mkeka nikilia mume, shemeji amesimama anasoma mipaka, nitapinga na nguvu gani? Ilani iletwe nyumbani kwa kila jirani aliye mpakani, mke na mume wote wawili wasaini kwamba wameiona. Majirani wa mpakani hawazidi watu saba. Mbona wa mkopo anajua kunifikia mlangoni.

#37 Mwalimu_Panyadoli
Hoja ya Mama Soya inanigusa. Hata sheria inataka mwenzi akubali kabla ardhi ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani, basi na ilani imfikie kwa mkono. Ila narudia, hiyo karatasi ya kusaini iwe kwa lugha gani?

#38 Mjumbe_Zamani
Na nani atalipa boda ya kuzungukia majirani hao saba. Tumerudi palepale pangu.

#39 Binti_wa_Mutunda
Boda_Bweyale yupo hapa atatupa bei ya udugu 😀 Nyaraka, unaweza kutuwekea mfano wa barua ya pingamizi? Nina yangu ya kuandika pia.

#40 Nyaraka_Masindi
Nitaweka jioni. Andika mambo ya msingi tu: wewe nani, unalima wapi na tangu lini, mpaka wako ni upi, ilani haikubandikwa kwenye ardhi, unaomba mkutano urudiwe. Chapa nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea na waandike tarehe mbele yako. Bila huo muhuri kesho watasema hawakuiona.

#41 Boda_Bweyale
Mkulima, Alhamisi napeleka mzigo wa mtu Kiryandongo, nikupitie pale Kigumba stendi saa mbili?

#42 Mkulima_Kibanda
Sawa ndugu, lakini nakuja na wazee wawili wanaojua ile milamula, mmoja haendi na pikipiki kwa sababu ya mgongo. Kuna mwenye gari anapita njia hiyo asubuhi?